Bondi ipi inadumu mdomoni? Uzi wa wanaojaza meno kwa kompoziti

Mzizi_Imara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba tuzichambue bondi (gundi zinazoshikisha kijazo kwenye jino) za kompoziti, kile kijazo cha resini chenye rangi ya jino, kwa jinsi zinavyodumu mdomoni, tuachane kwanza na maneno ya kwenye boksi. Kila bondi mpya inakuja na grafu ya megapaskali (kipimo cha nguvu ya kushika), na kila grafu inasema mpya imeishinda ya zamani. Kijazo cha shingoni kikidondoka ndani ya mwaka, grafu ile haimsaidii mgonjwa.

Ninayotaka kujua: kipimo gani cha kliniki tukiamini, na kwa nini karibu tafiti zote zinafanyika kwenye shingo ya jino? Kati ya bondi za hatua tatu (asidi, praima ya kutangulia, kisha resini), na zile zilizounganisha hatua hizo zikawa mbili au moja, zipi zimethibitika kwa miaka mingi? Na hizi za yunivasali (chupa moja, zinazokubali asidi au bila asidi) tuzitumie vipi: asidi kila mahali, asidi kwenye enameli (gamba gumu la nje la jino) tu, au bila asidi kabisa?

Anayejua hatua kwa sekunde na kwa matone, aandike hivyo hivyo. Maelezo ya jumla tunayo ya kutosha.

---

Tabibu_Kiti2

Mkuu, nianze na hilo la shingoni. Yale mashimo ya shingo ya jino yasiyotokana na kuoza, yanayochimbika kwa msuguano wa mswaki, asidi na mkazo wa kuuma, ndiyo uwanja mzuri wa majaribio kwa sababu hayana cha kukishika kijazo isipokuwa bondi. Ni mapana, hayana kuta za kukikaba. Ukingo wa juu uko kwenye enameli, wa chini uko kwenye dentini (tabaka lililo chini ya enameli) au sementi (gamba la mzizi), hivyo bondi inajaribiwa pande zote mbili kwa mpigo. Mengi yako kwenye kanini na premola, ni rahisi kuyafikia na kuyapiga picha. Na mgonjwa mmoja mara nyingi anayo zaidi ya moja, kwa hiyo bondi mbili zinalinganishwa ndani ya kinywa kile kile. Bondi ikishindwa, kijazo kinatoka. Hapo hakuna ubishi wa nani kasoma vipi kipimo.

Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, kiliweka kiwango ambacho bado kinatajwa sana: bondi ipate kibali cha muda ikiwa vijazo vilivyopotea havizidi 5% kwa miezi 6, na kibali kamili ikiwa havizidi 10% kwa miezi 18. Kwa maoni yangu kiwango hicho ni cha chini mno leo. Bondi nyingi zinavuka miezi 18 bila shida. Tofauti zinaanza kujitokeza baadaye, maji yakishafanya kazi yake kwenye kiungo. Utafiti wa miezi 12 nausoma, ila siuchagulii bondi.

Kuhusu alama: tafiti za zamani zinatumia vigezo vya USPHS (idara ya afya ya umma ya Marekani), vile vya Alfa, Bravo na Charlie. Zile za baada ya 2007 nyingi zimehamia vigezo vya FDI (shirikisho la madaktari wa meno duniani), vyenye alama 1 hadi 5. Ukisoma, tenganisha mambo matatu: kijazo kubaki mahali pake, ukingo kubadilika rangi, na kuoza upya pembeni. Rangi ya kahawia ukingoni peke yake si kuoza. Vijazo vizima vingi vimeng'olewa kwa kosa hilo.

---

Kalsiamu

Kwa takwimu, rejea bora ni uchambuzi wa Peumans na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, uliotoka 2014. Walikusanya majaribio ya kliniki ya mashimo ya shingoni na kukokotoa wastani wa vijazo vinavyopotea kwa mwaka, kwa kila kundi la bondi (echi na kusuuza: asidi inapakwa peke yake kisha inasuuzwa; kujiechi: asidi imo ndani ya bondi, haisuuzwi):

Glasi ayonoma (simenti inayoshika jino yenyewe): 2.0%
Bondi za kujiechi zenyewe, hatua mbili, asidi hafifu: 2.5%
Echi na kusuuza, hatua tatu: 3.1%
Kujiechi, hatua moja, asidi hafifu: 3.6%
Kujiechi, hatua moja, asidi kali: 5.4%
Echi na kusuuza, hatua mbili: 5.8%
Kujiechi, hatua mbili, asidi kali: 8.4%

Makundi manne ya juu hayakutofautiana kitakwimu. Matatu ya chini yalikuwa mabaya zaidi kwa kiwango cha kueleweka.

Sasa, usisome wastani peke yake. Kwenye kundi la hatua moja hafifu, mtawanyiko (jinsi matokeo yanavyopishana na wastani) ni 4.3, mkubwa kuliko wastani wenyewe. Maana yake ndani ya kundi hilo zipo bondi nzuri sana na zipo mbovu sana, na jina la kundi halikuambii uliyoishika ni ipi. Hatua mbili hafifu mtawanyiko ni 1.5 tu. Kwangu hiyo namba ndogo ina uzito kuliko wastani: ni bondi inayotoa matokeo yale yale mikononi mwa watu tofauti.

---

Mzizi_Imara

Shukrani Kalsiamu. Mbili zinanichanganya. Kwanza, glasi ayonoma ndiyo inaongoza, mbona hatujazi nayo kila kitu? Pili, hatua mbili ipo juu na ipo chini kabisa. Tofauti ni nini hasa?

---

Kalsiamu

La kwanza ni fupi. Ile ni takwimu ya kubaki mahali pake tu. Glasi ayonoma inashika vizuri sana kwa sababu inafungana na kalsiamu ya jino moja kwa moja, lakini inalika, uso unakuwa mkwaruzo, na rangi haifuati jino. Shingoni kwa mtu mwenye meno yanayooza haraka, au ukingo ulio chini ya ufizi ambako kukausha ni shida, ni chaguo zuri. Kabla yake pakaa asidi ya poliakriliki ya 10 hadi 20%, sekunde 10 hadi 20, suuza, kausha kiasi bila kuikausha dentini ikawa nyeupe.

La pili ndilo moyo wa uzi huu. Makundi hayo mawili yana hesabu moja ya chupa lakini kemia tofauti kabisa.

Asidi ya fosfori ya 35 hadi 37% inaondoa madini yote ya dentini kwa kina cha mikromita 3 hadi 6 hivi ndani ya sekunde 15. Inabaki nyavu tupu ya kolajeni (nyuzi za protini) imeelea kwenye maji, na resini inatakiwa ijaze kila nafasi hadi chini. Haifiki yote. Pale chini inabaki kolajeni isiyofunikwa, na hiyo ndiyo inayoliwa polepole na maji pamoja na vimeng'enya vya dentini yenyewe.

Bondi ya kujiechi yenye asidi hafifu, pH karibu 2, inaondoa chini ya mikromita 1, na haiondoi yote. Madini yanabaki yamezunguka kolajeni. Ikiwa ndani yake kuna 10-MDP, molekuli hiyo inafungana na kalsiamu ya haidroksiapataiti (madini ya jino) na chumvi inayotokea haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Kuraray wa Japani ndio walioitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Clearfil SE Bond imejengwa juu yake. Bondi hiyo imefuatiliwa mdomoni hadi miaka 13, na vijazo vingi mno bado vilikuwepo.

Ile ya kujiechi yenye asidi kali, pH chini ya 1, inamomonyoa dentini kama asidi ya fosfori lakini haisuuzwi. Chumvi za kalsiamu zilizoyeyuka zinabaki pale pale ndani ya kiungo, hazijatulia, na maji yanaziondoa baadaye. Ndiyo maana iko chini kwenye orodha.

---

Fundi_Resini

Naongeza upande wa echi na kusuuza, maana huwa inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Ya hatua tatu, mfano OptiBond FL, imekuwa kipimo cha wengine kwa miaka mingi, na sababu inaeleweka: chupa ya pili ni praima yenye maji na ethanoli ya kuingia kwenye kolajeni, chupa ya tatu ni resini isiyopenda maji na yenye chembe za kujazia, inayofunika juu. Ukizichanganya mbili hizo kwenye chupa moja unapata bondi ya hatua mbili ambayo inapenda maji hata baada ya kuganda. Inanyonya maji kutoka dentini na mdomoni, inalainika. 5.8% dhidi ya 3.1% inatoka hapo.

Kwenye enameli asidi ya fosfori haina mpinzani hadi leo. Buonocore alilionyesha hilo 1955 kwa asidi ya 85%, sekunde 30. Mkusanyiko umeshuka, wazo ni lile lile: enameli ni madini karibu 96% kwa uzito, asidi inachonga vijishimo, resini inaingia na kugandia humo. Dentini ni madini 70% tu, iliyobaki ni kolajeni na maji, na maji hayo yanasukumwa kutoka kwenye kiini (sehemu laini ya ndani yenye mishipa). Karibu na kiini kuna vijitundu takriban 45,000 kwa milimita moja ya mraba, karibu na enameli ni kama 20,000. Ukichimba ndani sana unabondi kwenye sehemu yenye maji mengi, ambako dentini ngumu ya kushikia ni ndogo. Kwa hiyo asidi ya fosfori kwenye dentini ya kina kirefu mimi siipendekezi, hata kwa anayependa hatua tatu.

Anayeitumia, hesabu ziwe hivi. Anza kupaka asidi kwenye enameli, hesabu hadi 15, ndipo ueneze kwenye dentini, hesabu 15 nyingine. Enameli inapata 30, dentini 15. Suuza kwa maji na hewa sekunde 15 kamili, kwa sababu chembe za kunenepesha jeli hubaki ukiharakisha. Sasa unyevu: nyonya maji kwa kifyonzaji na pamba kavu, usipige hewa moja kwa moja kwenye dentini. Dentini iwe inang'aa kwa unyevu, bila dimbwi kwenye kona. Ukiwa umepitiliza na imekuwa nyeupe isiyong'aa, kolajeni imelala. Lowesha kwa brashi yenye maji, subiri sekunde 20 hadi 30 isimame tena, kisha nyonya ziada. Kosa la pili, la maji mengi, halionekani kwa macho lakini ni baya vile vile: praima inajitenga na maji, inabaki vitone ndani ya bondi.

Praima sugua sekunde 15, hewa sekunde 5. Resini tandaza nyembamba, ganda (gandisha kwa taa) sekunde 20.

---

NyuziNyuzi

Swali dogo kwa Fundi. Wenye bondi za asetoni wanasema zinavumilia maji zaidi. Ni kweli?

---

Fundi_Resini

Ni kinyume chake, dada. Asetoni inafukuza maji vizuri ikiwa kolajeni ina unyevu wa kutosha, lakini haiwezi kuisimamisha kolajeni iliyolala, kwa hiyo uso uliokauka unaiua kabisa. Yenye maji ndani yake inasamehe uso mkavu zaidi. Pia asetoni inaruka haraka: chupa ikiachwa wazi dakika chache, au tone likikaa kwenye kisahani huku unaendelea na mengine, unapaka kitu kizito kisichoingia popote. Toa tone wakati brashi iko mkononi. Funga chupa kabla hujapaka.

---

Tabibu_Kiti2

Nirudi kwenye swali la yunivasali, maana ndizo zilizo kwenye droo nyingi sasa. Karibu zote zina 10-MDP, ni chupa moja, na pH yake hutofautiana. Scotchbond Universal iko 2.7, wengine wako juu ya 3. Asidi dhaifu hivyo haiwezi kuichonga enameli ambayo haijakwaruzwa. Ukiitumia bila asidi ya fosfori popote, kijazo kinaweza kubaki, lakini ukingo wa enameli unaanza kuonyesha mstari wa rangi mapema.

Njia ninayoitetea ni asidi kwenye enameli pekee. Hatua zake kwa shimo la shingoni, nikichukulia bondi ya maji na ethanoli:

Safisha jino kwa pumisi na maji, bila krimu yenye mafuta wala floraidi. Kwaruza dentini kwa bari (kekee ndogo) ya almasi laini, kidogo tu, uondoe ule uso wa juu uliong'ara na kukomaa. Uchambuzi wa Heintze na wenzake wa 2010 ulionyesha vijazo vilivyowekwa juu ya uso uliokwaruzwa vilibaki zaidi, ilhali kuchonga mshazari kwenye enameli hakukuleta tofauti. Mshazari mimi naufanya kwa ajili ya kuficha rangi tu.

Tenga jino. Karatasi ya mpira ikikaa vizuri ni bora, lakini uchambuzi huo huo haukukuta tofauti kati ya mpira na pamba kwenye vijazo vya shingoni. Kwangu siri ni uzi wa ufizi: ukiuweka kabla ya kukwaruza, majimaji ya ufizi hayafiki ukingo wa chini.

Jeli ya asidi iwe nzito, isitiririke. Paka milimita 1 hadi 2 kwenye enameli kuzunguka ukingo, sekunde 15 kwa enameli iliyochongwa, 30 kwa isiyochongwa. Suuza 15. Kausha enameli hadi iwe nyeupe kama chaki. Hapa unaruhusiwa kupiga hewa, maana dentini haijavuliwa madini. Jeli ikigusa dentini kidogo, usihangaike. Ikikaa juu yake sekunde 15 na zaidi, umeingia kwenye njia ya Fundi, basi iache na unyevu.

Bondi: brashi iliyoloa vizuri, sugua kwa nguvu kiasi sekunde 20 ukitazama saa. Kusugua ndiko kunakoleta monoma (molekuli za bondi ambazo hazijaganda) mpya juu ya jino na kuitoa iliyokwisha nguvu. Watu wanapaka sekunde 5 na kusubiri 15. Hiyo si sawa na kusugua 20. Bondi ikionekana kukauka katikati, ongeza.

Halafu hewa, na hapa ndipo vijazo vingi vinapopotelea. Anza kwa hewa ya upole kutoka sentimita 10 hivi, usogee taratibu. Mwanzoni utaona bondi inatembea kwa mawimbi. Endelea hadi isitembee tena, ubaki uso unaong'aa uliotulia. Maelekezo ya chupa nyingi yanasema sekunde 5. Kwa bondi zenye maji mimi naona 10 ni salama zaidi, kwa sababu maji hayaruki kirahisi kama asetoni. Kwenye kona iliyotuama bondi nyonya kwa brashi kavu. Kabla ya yote jaribu hewa yako kwenye kioo: ikitoa ukungu wa maji au mafuta, hakuna bondi itakayokusaidia.

Ganda sekunde 10 kwa taa yenye nguvu, 20 kama huna uhakika na taa. Kisha kompoziti.

---

Kalsiamu

Nakubaliana na yote, naongeza moja. Tabaka la bondi ya chupa moja ni jembamba, mikromita 10 au chini. Oksijeni inazuia sehemu ya juu isigande. Ukipuliza sana likawa jembamba mno, tabaka lote linabaki bichi. Dalili ni uso usiong'aa. Ukiona mabaka makavu, paka mara ya pili, puliza, ndipo ugandishe. Kuna wanaoongeza juu tabaka la resini isiyopenda maji kutoka chupa ya pili ya mfumo wa hatua mbili. Maabara imeonyesha mara nyingi kwamba linasaidia, na gharama yake ni dakika moja.

---

NyuziNyuzi

Na kloreksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya 2% baada ya asidi? Mafunzoni inasisitizwa kwamba inazuia vimeng'enya vinavyokula kolajeni.

---

Fundi_Resini

Inazuia, na kwenye meno ya maabara kiungo kilichopakwa kloreksidini kinapungua nguvu polepole zaidi. Anayefanya echi na kusuuza anaweza kuipaka sekunde 30 hadi 60, kunyonya bila kusuuza, na kuendelea. Haiharibu.

---

Kalsiamu

Haiharibu, lakini Fundi, mdomoni haijaonyesha faida. Majaribio ya kliniki yaliyolinganisha yenye kloreksidini na yasiyo nayo hayakupata tofauti ya kubaki kwa kijazo. Muda huo wa dakika nzima ningeupeleka kwenye kusugua na kupuliza hewa. Ukiona haja ya kuilinda kolajeni, usiivue tangu mwanzo.

---

Fundi_Resini

Hapo umenibana. Ila kwa aliyekwisha kuivua, bado naona ni tahadhari ya halali. Tubaki tunatofautiana hapo.

---

Taa_Buluu

Mmeitaja taa kwa sentensi moja tu, jamani. Nyingi za bondi zinategemea kamforikwinoni, kianzishi cha ugandaji ambacho hunyonya mwanga zaidi karibu na nanomita 468. Taa za LED nyingi zinatoa hapo. Lakini zipo bondi na kompoziti zenye kianzishi kingine kinachotaka mwanga wa urujuani, karibu nanomita 380 hadi 420. Taa ya rangi moja haiigusi hiyo. Angalia karatasi ya bondi kabla ya kuilaumu.

Nguvu: ukipima kwenye ncha upate angalau miliwati 1,000 kwa sentimita ya mraba. Kipimo cha mezani si sahihi sana kwa namba, lakini kinakuambia taa yako imeshuka kulinganisha na mwezi uliopita, na hilo ndilo unalolihitaji. Pima ukiwa umeivalisha plastiki ya kinga, kwa sababu ndivyo unavyoitumia. Kompoziti iliyogandia kwenye kioo cha ncha inakula mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani; ikwangue kwa wembe wa plastiki.

Umbali ndio adui mkubwa kwenye mashimo ya katikati ya molari mbili. Sakafu ya shimo iko milimita 7 au 8 kutoka kwenye ncha, na mwanga unaofika chini huweza kuwa nusu au pungufu. Sakafu hiyo ndiyo ukingo dhaifu kuliko yote, mara nyingi haina enameli. Kwa hiyo pale ganda bondi sekunde 20 au zaidi hata kama karatasi inasema 10, na tabaka la kwanza la kompoziti lisizidi milimita 1. Shikilia taa kwa mkono, vaa miwani ya rangi ya machungwa, na uitazame ncha. Anayegeuza uso kulia mwanga unapowaka, ncha nayo inahamia kulia.

---

Mzizi_Imara

Tunaendelea vizuri. Sasa vitu vinavyoizuia bondi isigande au isishike: orodha ya kweli ni ipi?

---

Tabibu_Kiti2

Yujenoli. Kijazo cha muda chenye zinki oksidi na yujenoli (kiini cha mafuta ya karafuu) kikikaa muda mfupi, mabaki yake kwenye dentini yanakamata chembe huru za ugandishaji. Kwaruza safu nyembamba ya dentini, usitegemee kufuta kwa pamba. Kwa jino litakalojazwa kompoziti siku chache mbele, tumia kijazo cha muda kisicho nayo.

Hipokloraiti baada ya kutibu mzizi, na peroksidi baada ya kung'arisha meno: zote mbili zinaacha oksijeni ndani ya dentini. Baada ya kung'arisha subiri wiki 1 hadi 2. Baada ya hipokloraiti, suuza kwa maji mengi. Kuna askobeti ya sodiamu ya 10% inayorudisha hali, kama huwezi kusubiri.

Dawa za kuzuia damu zenye kloridi ya alumini au chuma zinaharibu hasa bondi za kujiechi, maana hakuna asidi kali ya kuziondoa. Ukiitumia, suuza sana, kisha pitisha asidi ya fosfori ukingoni.

Mate, tofautisha wakati. Yakifika baada ya asidi kwenye enameli na kabla ya bondi: suuza, kausha, paka asidi tena sekunde 10. Yakifika juu ya bondi ambayo haijagandishwa: suuza, kausha, paka bondi upya kuanzia mwanzo. Yakifika juu ya bondi iliyogandishwa: suuza, kausha, ongeza tabaka la bondi, ganda. Damu ni tofauti, hiyo usicheze nayo. Rudi hadi kwenye kukwaruza.

Na kompoziti zinazojigandia zenyewe bila taa, pamoja na simenti za njia mbili: juu ya bondi za chupa moja zenye asidi, amini inayoanzisha ugandaji wa simenti inaliwa na asidi iliyobaki juu ya bondi. Kiungo kinaonekana kimeganda lakini mpakani ni laini. Tumia kiamsho cha bondi hiyo hiyo kama kipo, au simenti ya mtengenezaji huyo huyo aliyoitaja kwamba inakubaliana nayo.

---

NyuziNyuzi

Naongeza la friji. Chupa nyingi karatasi yake inaruhusu hadi nyuzi joto 25, nyingine zinataka 2 hadi 8. Ikitoka friji iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua. Bondi ya baridi ni nzito, haitandazi, na kiyeyushi chake hakiruki kwa muda ule ule wa hewa. Zenye chembe tikisa. Na HEMA (monoma moja iliyo kwenye bondi nyingi) inapenya glavu za mpira ndani ya dakika chache, kwa hiyo tone likikugusa badilisha glavu hapo hapo. Mzio wake wa ngozi ukikupata hauondoki.

---

Mzizi_Imara

La mwisho kwangu. Kijazo kimetoka na mgonjwa amekileta mkononi. Tunajuaje kilichoshindwa ni nini?

---

Fundi_Resini

Kitazame kwa kioo cha kukuza, upande wa ndani, pamoja na jino lenyewe.

Ndani ya kijazo panang'aa na ni laini, na dentini ya jino ni safi bila resini: bondi imeachia kwenye dentini. Sababu za kawaida ni uso uliokomaa ambao haukukwaruzwa, dentini iliyokaushwa kupita kiasi baada ya asidi, au kusugua kufupi.

Bondi imebaki kwenye jino, inang'aa, na kijazo kimetoka bila yake: shida iko kati ya bondi na kompoziti. Tafuta mate, mafuta ya hewa, taa dhaifu, au ile simenti aliyoitaja Tabibu.

Kuna vishimo vidogo vidogo vya mviringo kwenye uso wa bondi: ni kiyeyushi au maji yaliyobaki. Hewa haikutosha.

Sehemu ya enameli bado ina kipande cha kijazo na sehemu ya dentini imeachia: asidi ya enameli ilifanya kazi, dentini ndiyo iliyoachia. Ikiwa ni kinyume, enameli ndiyo iliyoachia kwanza, uliza asidi ilikaa sekunde ngapi.

Na angalia meno ya juu na ya chini yanavyokutana kabla hujajaza tena. Ikiwa mgonjwa anasaga meno usiku, ama ana uso uliolika ulionyooka juu ya jino hilo hilo, mkazo unafika shingoni kila anapouma na bondi nzuri nayo itachoka. Hapo chagua kompoziti laini kidogo, ya kumiminika, kwa tabaka la kwanza.

---

Mzizi_Imara

Na ule mstari wa kahawia kwenye kijazo ambacho bado kimeshika?

---

Tabibu_Kiti2

Pitisha diski ya kung'arisha kwanza. Mara nyingi ni resini iliyozidi juu ya enameli ambayo haikupakwa asidi, inanyanyuka na kunasa rangi. Ukiiondoa, mstari unaisha. Usipoisha, chonga mfereji wa nusu milimita kufuata mstari, kwaruza kompoziti ya zamani kwa bari ya almasi, asidi sekunde 15 pande zote ili kusafisha, bondi yenye MDP isuguliwe sekunde 20 juu ya enameli na kompoziti, hewa, taa, kisha kompoziti ya kumiminika. Mtihani wa mwisho ni ncha ya kichunguzi: ikipita ukingoni bila kukwama, kiache kijazo hicho mdomoni.